Ufa ni Shahidi

Chuma huvunjika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya nguvu kuu: kitu huelemewa na uzito usio kadiri yake, kikapinda, kikakatika mbele ya macho ya watu wote. Njia ya pili ni ya siri. Mzigo ni mdogo, chombo kinauweza, na jana kiliubeba bila manung'uniko. Lakini huubeba na kuutua, huubeba na kuutua, mara elfu, mara laki, mara milioni, mpaka mahali fulani padogo hufunguka ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo hula kidogo kila siku. Siku chuma kinapokatika watu husema kimekatika leo. Kumbe kilianza kukatika zamani. Wajuzi huuita ugonjwa huu uchovu wa chuma. Insha hii ni habari ya ufa wa namna hiyo katika sahani moja nyembamba, na ya swali ambalo ufa huo hutuuliza.

Mimi si mhandisi. Nimefundisha hesabu na fizikia hapa Tabora kwa miaka mingi, na chuma nilikijua kama walimu wanavyokijua, kwa chaki na ubao. Mambo mawili ndiyo yaliyonitoa ubaoni. La kwanza lilitoka mbali. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani anakaa Marekani, na huko amekuwa akijenga eropleni ya watu wawili kwa mikono yake, katika banda la nyumba yake. Msomaji asidhani kuwa ni mzaha. Huko jambo hilo lina chama chake tangu mwaka 1953, na sheria ya nchi huiruhusu ndege ya namna hiyo kuruka, mradi sehemu kubwa ya kazi ya kuiunda imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. La pili lilitoka karibu mno. Jirani yangu ana motokaa ya kubebea abiria baina ya Tabora na Nzega, nayo ilianza kugonga tumboni kama mtu abishaye mlango. Mambo haya mawili, la mbali na la karibu, yalikuwa jambo moja.

Mama wa kijana huyo anakaa Ng'ambo, hapa hapa mjini. Kila tukikutana njiani, baada ya kujuliana hali, huniuliza: "Mwalimu, kile chombo cha mwanao kimefika wapi?" Husema "mwanao", si "mwanangu", kwa desturi yetu ya kumshirikisha mwalimu katika malezi. Neno hilo lina uzito. Likitokea la kutokea, nami ni mzazi.

Injini aliyoichagua kijana si ya kawaida. Ni ile iliyobuniwa na Felix Wankel wa Ujerumani, iliyozunguka kwa mara ya kwanza mwaka 1957, na ambayo Mazda ya Japani iliitia katika motokaa zake tangu mwaka 1967. Ndani yake hamna pistoni za kupanda na kushuka. Mna vipande vya pembe tatu vizungukavyo katika vyumba vyenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Isichanganywe na injini za mzunguko za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, ambazo silinda zake zenyewe zilizunguka pamoja na rafadha. Wajenzi wa ndege huipenda injini ya Wankel kwa kuwa ni ndogo, na viungo vyake viendavyo ni vichache. Lakini ina haraka. Hupenda kuzunguka mara 6,000 hivi kwa dakika, na rafadha, yaani panka livutalo ndege mbele, haiutaki mwendo huo; ncha zake zingekimbia kupita sauti, na nguvu ingepotea katika kelele. Kwa hiyo baina ya injini na rafadha huwekwa giaboksi ya kupunguza mwendo, mara mbili hadi mara tatu hivi. Na baina ya injini na giaboksi hiyo ndipo inapokaa sahani yetu.

Jina lake la kigeni ni fleksipleti. Wapo mafundi wanaoiita flaiwili, ingawa flaiwili yenyewe ni gurudumu nene na zito. Hii ni bamba la chuma lenye unene wa milimita mbili au tatu, pana kama sinia. Katikati ina duara la matundu ya bolti ziifungazo kwenye mhimili wa injini. Pembeni ina duara jingine la bolti ziifungazo kwa kile kipokeacho nguvu. Katika motokaa zisizo na klachi ya mguu, kipokeacho ni chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Katika ndege ya kijana wetu ni kiungo chenye mipira kiingiacho katika giaboksi. Kazi ya sahani hii ni ya ajabu kidogo, maana imetakiwa iwe ngumu na laini kwa wakati mmoja. Katika kuzungusha iwe ngumu, isipoteze nguvu. Katika kwenda mbele na nyuma iwe laini, ikubali chombo kinapovimba kwa joto na kusogea kidogo.

Wapagazi wa Unyamwezi wangaliielewa upesi sahani hii. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mali yote ya njia ya misafara ilikwenda na kurudi pwani juu ya miili ya watu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Ulipozidi hapo, ulifungwa katika mti, na watu wawili wakauchukua mabegani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Basi fikiri habari ya mti huo. Wachukuzi wakiwa na kimo kimoja na mwendo mmoja, mti hubeba uzito wa mzigo tu. Lakini mmoja akiwa mrefu na mwenziwe mfupi, au mmoja akitangulia kukanyaga na mwingine akichelewa, mti hupindika kila hatua, huku na huku, na siku moja hukatika katikati ya pori. Nani aliyeuvunja? Si mzigo, kwa kuwa mzigo ni ule ule. Wala si mti, kwa kuwa mti ndio ulioteswa. Umevunjwa na kutopatana kwa mabega mawili. Sahani ni mti huo. Injini ni bega moja na giaboksi ni bega la pili.

Nilikwenda na jirani yangu kwa fundi. Sahani ilikuwa imekwisha kushushwa, nayo ilikuwa ya tatu kuvunjika katika muda usiofika mwaka. Fundi kijana alitaka kuichomelea, motokaa irudi barabarani jioni ile. Palikuwapo mzee mmoja aliyefanya kazi zamani katika karakana ya reli, ambaye huja pale kuzungumza. Akaomba mafuta ya taa, kisha akanigeukia akauliza: "Mwalimu, una chaki?" Kwa bahati chaki haikosekani mfukoni mwangu. Akaipaka sahani mafuta ya taa, akangoja, akaifuta ikakauka kabisa, kisha akaisugua kwa unga wa chaki. Punde si punde mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya nyufa yakatoka, yakachora mistari myeusi juu ya weupe. Tulikuwa tumeuona ufa mmoja. Chaki ilituonyesha minne, yote ikianzia katika matundu ya katikati na kuelekea nje kama miali.

Mzee akasema: "Mwanangu, ukichomelea huu unaouona, ile mitatu itakushukuru." Kisha akaeleza neno ambalo sikulisahau. Kuchomelea hukiyeyusha chuma mahali pamoja na kukiacha kimevutwa na kukazwa pembezoni mwa jeraha, na palipokazwa ndipo uchovu unapopenda kuanzia. Hakuuliza bei ya sahani mpya wala mahali inapouzwa. Aliuliza vitu vitatu: bolti zilikazwa kwa kipimo gani, pete ya chuma iliyokaa chini ya vichwa vya bolti iko wapi, na vile vijiti viwili vinavyoilenga giaboksi katika injini vipo au havipo.

Maswali hayo matatu ni elimu nzima. Bolti isiyokazwa sawasawa huiacha sahani ijisugue. Pakajisugua, unga mwekundu kama kutu hutokea katika viungo, na tundu huanza kuliwa ukingoni. Pete ile hutandaza mkazo mahali papana. Isipokuwapo, sahani hukunjika juu ya ukingo mkali, kama karatasi inavyokunjwa juu ya ncha ya meza. Na vile vijiti, ambavyo mtu angeviona takataka, ndivyo viapatanishavyo mabega mawili. Vikikosekana, kati ya injini na kati ya giaboksi hazikutani. Kukosana huko hakufiki unene wa ukucha, hakuonekani kwa macho, wala hakuzuii bolti kuingia. Lakini sahani huujua. Hupindwa mara moja katika kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, sahani hupindwa mara 50 katika kila sekunde. Na mwendo wa saa moja na nusu kwenda Nzega ni mapindo 270,000. Mti wa wapagazi haukupata kuona mateso hayo.

Vijiti havikuwapo. Injini ya motokaa ile ilikuwa imebadilishwa mwaka uliotangulia katika karakana nyingine, na aliyeifunga hakuvirudisha. Sahani tatu zililipiwa, na kila mara fundi aliyezitoa alisema kwamba sahani za siku hizi ni mbovu.

Usiku ule nilimwandikia kijana wa Marekani. Yeye alikuwa amevunja sahani mbili, zote akiwa bado ardhini, ndege imefungwa kwa kamba na injini ikijaribiwa. Ya kwanza ilikuwa nyembamba. Akasema moyoni kwamba ni dhaifu, akatengeneza ya pili nene zaidi. Ile nene ilipasuka mapema kuliko nyembamba. Jambo hilo lilimfadhaisha, nami lilinifurahisha, kwa sababu lilikuwa shahidi mwema. Sahani ikipasuka kwa kuzidiwa na nguvu ya kuzungusha, unene huisaidia. Lakini ikipasuka kwa kulazimishwa kupinda kadiri fulani, unene huiponza. Maana kitu kinene kikipindwa kiasi kile kile, ngozi yake huvutwa zaidi. Ufito mwembamba huupinda ukafanya upinde. Gongo ukilipinda vivyo hivyo litalia na kukatika.

Neno hili si geni katika habari ya ndege zilizojengwa nyumbani, kwa kuwa liliikuta ndege ya kwanza kabisa. Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi wa baiskeli. Mwezi wa Novemba mwaka 1903, walipoijaribu injini yao huko Kitty Hawk, mishtuko ya injini iliziharibu shafti za rafadha zao, ambazo zilikuwa mabomba yenye uwazi ndani. Zilirudishwa Dayton zikatengenezwa, zikaletwa tena, na tarehe 28 Novemba ufa ukaonekana katika moja. Ndugu wale hawakuuziba. Walijiuliza kwa nini bomba lenye nguvu mara nyingi kuliko mahitaji ya injini lipasuke, wakatambua kwamba nguvu haikuwa imepungua. Kilichopungua ni unyumbufu. Nguvu ya injini haikuja sawasawa bali kwa mapigo, na bomba pana gumu halikuweza kuyameza mapigo hayo. Orville akasafiri kwenda Dayton, akarudi tarehe 11 Desemba na shafti nyembamba zaidi za chuma kitupu kisicho na uwazi, chenye tabia ya springi. Tarehe 17 Desemba waliruka. Dunia hukumbuka sekunde 12 za mruko ule wa kwanza. Mimi nimejifunza kukumbuka pia siku zile za safari ya shafti.

Mapigo yale yamo katika injini ya kijana wetu pia. Injini ya Wankel yenye vipande viwili vya pembe tatu hutoa mapigo mawili katika kila mzunguko wa mhimili. Kwa mizunguko 6,000 ni mapigo 12,000 kwa dakika, 720,000 kwa saa. Na baada ya saa 14 sahani imekwisha kupigwa mara zaidi ya milioni 10. Kuna na jambo jingine. Rafadha ni nzito, na viungo baina yake na injini vina unyumbufu, basi vyote pamoja ni kama mtoto katika bembea. Bembea ina mpigo wake. Ukiisukuma kwa mpigo huo, kidole kimoja chatosha kuirusha juu. Injini nayo, katika mwendo fulani, aghalabu wa polepole, huikuta rafadha katika mpigo wake, na hapo kiungo husokotwa huku na huku kwa nguvu kupita ile ya safari yenyewe. Mjenzi asiyejua huiacha injini iungurume polepole, akidhani anaipumzisha, kumbe anaitesa sahani.

Kijana alipima. Aliondoa sahani iliyopasuka, akaweka saa ya kupimia, akazungusha kwa mkono. Mabega yalipatana, vijiti vyake vilikuwapo. Lakini alipopima nafasi baina ya injini na kiungo, aliikuta ni fupi kuliko ilivyohitajiwa. Pete ya kuongezea nafasi ilikuwa imechongwa pungufu, hata bolti zilipokazwa ziliivuta sahani ikabonyea kama ungo. Hivyo kabla injini haijawashwa sahani ilikuwa imekwisha kuchoka nusu. Mapigo yakaja kumalizia. Na ile nene, kwa kuwa ilikataa kubonyea, ilivutwa kwa ukali zaidi. Ukingo wa matundu yake alikuwa ameuacha na mikwaruzo ya keekee, na katika mkwaruzo mmoja ndimo ufa ulimozaliwa. Alinipelekea picha ya mahali palipovunjika. Palikuwa na mistari myembamba iliyofuatana, kama alama ambazo maji ya Bwawa la Igombe huziacha ukingoni yanapopungua katika kiangazi. Kila mstari ni hatua moja ya ufa. Sahani ilikuwa imeandika historia yake, na aliyeitupa bila kuisoma angalitupa kitabu.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo madogo, ya mafundi na mabanda. Nitamjibu kwa habari ya chombo kikubwa. Tarehe 2 Mei 1952 eropleni ya Comet, ya kwanza ya abiria kuendeshwa kwa injini za jeti, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikashuka Entebbe njiani. Wana wa Afrika ya Mashariki waliiona kwa macho yao. Eropleni ile ile, tarehe 10 Januari 1954, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Comet zikazuiwa. Wataalamu wakakusanya kila jambo waliloweza kulishuku, wakatengeneza hili na lile, na mwezi wa Machi zikaruhusiwa kuruka tena. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples, wakafa 21. Hapo ndipo walipoitia Comet nzima katika tangi la maji huko Farnborough, wakaibana na kuilegeza kwa maji kama inavyobanwa na kulegezwa na hewa katika kupaa na kushuka, mpaka mwili wake ukapasuka. Mabaki ya ile ya Elba yakathibitisha: ufa wa uchovu ulianzia katika tundu dogo karibu na pembe ya uwazi wa dirisha. Watu wale 21 hawakuuawa na uvivu, kwa kuwa kazi nyingi ilifanywa baina ya Januari na Machi. Waliuawa kwa sababu dawa ilitangulia swali.

Sisi tuna methali isemayo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli, na imeponya nyumba nyingi. Lakini naona tumeisikia nusu. Mwashi mwema hauzibi ufa kabla ya kutazama msingi, mzizi wa mti uliopita chini yake, na maji ya mvua yaelekeako. Asipofanya hivyo ataziba mwaka huu, ataziba mwakani, na ukuta ataujenga vile vile, pamoja na gharama ya udongo wa kuzibia. Ufa ni shahidi. Ukimziba kinywa hukumalizi kesi, ila umejinyima ushahidi. Wala ufa si mkosaji. Mara nyingi hutokea kwa aliye dhaifu kati ya wawili wasiopatana, na aliye dhaifu ndiye atupwaye kila mara na kulaumiwa. Yeyote aliyekaa shuleni muda mrefu amemwona mtoto wa namna hiyo: anafukuzwa kwa kuvunjika, na wazazi wawili walioikaza nyumba mpaka ikapinda hawaulizwi neno.

Motokaa ya jirani yangu ina vijiti vyake sasa, vya bei ndogo kuliko chakula cha mchana, na haijagonga tena. Ndege ya Marekani bado haijaruka. Kijana amechonga pete mpya, ameirudia sahani nyembamba, amelainisha ukingo wa kila tundu, ameongeza mwendo ambao injini hungojea, na ameazimia kuishusha sahani na kuipaka rangi ya kufichua nyufa kila baada ya saa chache za majaribio, mpaka ushahidi unyamaze wenyewe. Wenzake walimwambia kwamba anachelewa. Juma lililopita nilikutana na mama yake karibu na miembe ya njia ya stesheni, akaniuliza swali lake. Nikamwambia kwamba chombo kinaendelea, ila mwanawe amekataa kuruka mpaka ajue sababu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi mwambie asiharakishwe, Mwalimu. Sisi hapa tunangoja."